Fundi Bado na Neno "Have"

Jumatatu, 9 Juni

Nimeonewa. Naandika kabla sijavua viatu, hasira isije ikapoa.

Leo asubuhi pamebandikwa tangazo kwenye ukuta wa jiko la hoteli, kati ya ratiba ya zamu na onyo la kunawa mikono. Anatafutwa msimamizi wa jengo. Anatafutwa! Kana kwamba nimepotea. Nina miaka kumi na moja kwenye hoteli hii, kila bomba nalijua linavuja wapi, halafu natafutwa kwa karatasi.

Usaili ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Na utakuwa kwa Kiingereza, maana meneja mpya ametoka ng'ambo na Kiswahili chake kimeishia kwenye "asante", ambayo huitumia hata akimkanyaga mtu.

Cheo kina ofisi. Chumba namba 412, ghorofa ya nne, kilichokuwa cha wageni mpaka dirisha lilipogoma kufunguka. Kina feni, kiti cha kuzunguka, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mimi sasa hivi nakaa stoo ya mafagio. Nikitaka kunyoosha miguu lazima nihamishe ndoo mbili.

Tumeomba wawili tu: mimi, na yule dada fundi umeme. Kazini wanamwita Tayari. Ana miaka mitatu tu hapa. Ukimwambia taa ya ngazi imezima, hujamaliza hata kusema, anajibu "tayari". Tabia mbaya sana! Inafanya watu wengine waonekane wanachelewa.

Mimi nina mwendo wangu. Kazi naiangalia kwanza. Naizunguka. Naiacha ilale, kisha narudi kuiangalia tena. Lifti, kwa mfano, imekufa siku tisa sasa na bado naiangalia. Nitaitengenezaje bila bisibisi yangu yenye mpini wa njano? Ilipotea siku ileile lifti ilipokufa. Simtaji mtu. Ila mwizi ni Tayari.

Nilipopita jikoni mpishi akapaza sauti, eti Fundi Bado, lifti vipi. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamuuliza huyo Bado ni nani. Akasema hamjui, jina limemtoka tu. Ala!

Kuna jambo sijaliandika. Jana mama mkwe alipiga simu. Akauliza, kama kawaida yake, mume wa binti yangu siku hizi ni nani huko kazini. "Ni nani"! Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia nimekuwa msimamizi wa jengo, nina ofisi. Akanyamaza. Ni mara ya kwanza ananyamaza tangu nimwoe binti yake. Halafu akasema Jumamosi anakuja kuiona hiyo ofisi.

Mke wangu anasema nimemdanganya mama yake. Nimemweleza kwamba si uongo, ni ukweli uliowahi kufika. Akaniuliza nimekuwa msimamizi lini. Hilo "lini" lake lilinikera jioni nzima.

Jumanne, 10 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Sababu: jino, upande wa kulia. Jino halina neno. Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa Kiingereza, ambaye yuko likizo na hana pa kukimbilia.

Shemeji huvaa miwani kwenye paji la uso kisha anaitafuta nyumba nzima. Tulipoipata tukaanza.

Akasema pale ambapo sisi tuna "-me-", Kiingereza kina "have". Nimetengeneza: "I have repaired." Nikamwambia basi, nimeelewa, kila penye "-me-" naweka "have". Akasema ngoja kwanza, si kila mahali. Nikamwambia shemeji usinichanganye.

Halafu akasema jambo lililonifanya niweke kikombe chini. "Have" haikai na wakati uliotajwa. Ukisema jana, juzi, mwaka jana, au saa nne asubuhi, "have" inatoka inakwenda zake. "I have repaired yesterday" ni kosa. "Have" inasema kazi imeshafanyika na matokeo yake yapo. Lini, halisemwi.

Nikamwomba arudie. Lini, halisemwi! Jamani! Yaani kuna watu walikaa chini wakatunga wakati mzima wa kitenzi kwa ajili ya mtu kama mimi! Sentensi ya heshima kabisa, na anayekuuliza lini ndiye asiyejua sarufi! Miaka kumi na moja nimekuwa naonewa kwa sababu sikuwa na "have".

Baada ya hapo sikusikiliza sana. Kuna "since", ya mahali jambo lilipoanzia, na "for", ya urefu wake. Nikamwambia sisi "tangu" inatutosha kote. Akasema basi wewe jaribu. Kuna "already", ambayo maana yake ni tayari. Hiyo nimeikataa, sitaitia mdomoni. Nikauliza "bado" wanasemaje. Akasema "still", lakini kuna na... Hapo mkewe akatuita mezani. Chakula kilikuwa kizuri, somo likaishia hapo.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa kwanza. Mapokezi kuna daftari la kazi ambalo meneja hulisoma kila asubuhi. Nimewahi kabla ya wote na kuandika ukurasa mzima kwa Kiingereza. Nimetengeneza taa za ngazi. Nimetengeneza pampu ya maji. Nimetengeneza bomba la 207. Have, have, have!

Ni kweli kazi hizo zimefanyika. Zilifanywa na Tayari, lakini zimefanyika. Kosa liko kwenye "I" tu, na shemeji hakunifundisha chochote kuhusu "I".

Meneja akasoma. Akatabasamu. Kifua kikanivimba. Kisha akaniita, akaweka kidole kwenye safu ya pembeni niliyoiacha wazi. Tarehe. Akaniuliza "when".

Nikamweleza kwa upole, kwa maneno na kwa mikono, kwamba "have" na "when" hazikai nyumba moja. Akasema ndiyo, sawa, lakini lini. Mwenye lugha yake! Anavunja sheria za kwao mchana kweupe, mbele ya wageni wenye masanduku! Nikabanwa. Jasho. Nikasema "I have repaired yesterday."

Akakunja uso. Nikadhani ni sarufi imemuuma. Kumbe alikuwa anakumbuka jino. Akafunua daftari la ruhusa: jana, fundi, jino. Akauliza kwa upole linaendeleaje. Nikashika shavu haraka. Nimekuja kugundua baadaye kwamba nilishika la kushoto.

Saa nane mchana, mpango wa pili, na huu ulinijia wenyewe. Nimeingia chumba cha jenereta kutafuta bisibisi yangu, na nani namkuta? Tayari! Amekaa juu ya kreti, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, amelala fofofo. Kazini! Nilitaka kumbusu kwa furaha.

Nikapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa meneja. Sheria ninayo, haina shaka. Amelala. "-Me-". Kwa hiyo, "She has slept, sir."

Uso wa meneja ukang'aa. Akasema vizuri, vizuri sana. Eti alikuwa na wasiwasi naye, maana yuko kwenye jenereta tangu alfajiri na hajapumzika hata kidogo. Akanishika mkono. Akanisifu kwa kuwajali wenzangu. Halafu akanituma nimpelekee chai. Nimempelekea! Kwa mikono yangu miwili, na sukari pembeni! Akaamka, akanywa, akaniambia asante kaka, kumbe una roho nzuri. Sijawahi kutukanwa hivyo tangu nizaliwe.

Nikampigia shemeji. Akasema sisi tukisema "amelala" mtu yuko usingizini sasa hivi, lakini "has slept" ni mtu aliyelala akamaliza, macho makavu, yuko tayari kwa kazi. Neno hilohilo tena! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alitaka kuniambia nikamkataza nisichanganywe. Shemeji anakumbuka vitu vya kumfaa yeye tu.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeng'ara. Hatimaye.

Nilikuwa nimesimama mbele ya lifti, naiangalia. Meneja akaja, akauliza kama nimeitengeneza. Nikaisikia "have" ikipita ndani ya swali lake na moyo ukatulia. Jibu lake kwetu ni neno moja tu, neno nililolisema maisha yangu yote. Bado. "Still, sir."

Akainua nyusi. Akalirudia kama swali. Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu: ndiyo, "still". Akafikiri kidogo, akauliza kiasi gani. Alimaanisha kazi iliyobaki. Mimi ni mkweli, nikamwambia "plenty".

Akatoa kijitabu, akaandika, akanishukuru, akanipigapiga bega. Mkubwa kuandika jibu lako kwenye kijitabu chake si jambo dogo.

Tayari alikuwa anapita na ngazi begani. Akasimama. Akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Nikamkata jicho. Akaufunga mdomo na kuendelea na safari zake. Wivu mtupu!

Jioni nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimempigia mama yake kumwambia ukweli. Nikamjibu bado. Kwa Kiswahili, maana hajafikia kiwango.

Ijumaa, 13 Juni

Sina nguvu. Lakini nitaandika, dunia ijue.

Saa tatu asubuhi lori limesimama mbele ya hoteli na kushusha nondo. Nondo! Za chuma, ndefu, ishirini na nne. Wamezipanga ukumbini mbele ya lifti na wageni wakawa wanaziruka. Nikasema moyoni, meneja ameanza ujenzi bila kunishirikisha mimi, msimamizi wa kesho. Nikakasirika.

Saa nne nikaingia kwenye usaili. Shati jeupe. Nimepiga moyo konde.

Akaniuliza nimefanya kazi hapa kwa muda gani. "Since eleven years." Akauliza tangu lini hasa. Lini tena! Nikakaa kimya kumpa nafasi ajisahihishe. Hakujisahihisha.

Akauliza nimeifanyia nini lifti mpaka sasa. Nikamwambia "I have looked at it." Sentensi safi, haina jana wala juzi. Akauliza, na hizi nondo nitazitumia vipi. Nikauliza nondo zipi. Akasema zile nilizoagiza. Nikasema sijaagiza nondo. Akafungua kijitabu akanionyesha. Imeandikwa kwa mkono wake, herufi kubwa: chuma, kwa wingi.

Tukatazamana.

Kumbe masikioni mwake "still" yangu ni "steel", yaani chuma! Kumbe bado ya kumjibu mtu ni "not yet", maneno mawili, na "still" ni bado nyingine kabisa, ya mtu anayeendelea! Nani kawaambia wagawanye neno moja zuri hivyo? Sisi bado ni moja, inatutosha, hatujawahi kuletewa nondo kwa sababu yake!

Usaili ulichukua dakika saba. Nne kati ya hizo zilikwenda kwenye nondo.

Kisha akaingia Tayari. Alipotoka hakwenda hata kunywa maji. Akazivuka nondo, akapiga goti mbele ya lifti, akamulika tochi kwenye reli ya mlango, pale chini mlango unapoteleza. Akaingiza koleo. Akavuta. Ikatoka bisibisi. Mpini wa njano.

Mlango ukajifunga wenyewe, taratibu, kama haujawahi kugoma. Lifti ikapanda. Kengele ikalia ghorofa ya nne na watu wakapiga makofi. Mpishi alipiga sufuria kwa mwiko. Meneja akauliza kama ameitengeneza, na yule dada akajibu neno lake lilelile, ila kwa Kiingereza. Saa sita mchana cheo kilikuwa chake.

Sasa niulize. Hivi hakuna aliyeona? Bisibisi yangu iliyoibwa ilikuwa mkononi mwake! Mbele ya mashahidi! Nilisema hivyo, kwa sauti. Watu wakaniangalia. Mpishi akaniambia polepole, Fundi Bado, nenda kapumzike. Ni kweli nakumbuka kwa mbali kwamba siku ile niliiweka mlangoni pa lifti nikifunga kamba ya kiatu. Lakini kukumbuka kwa mbali si ushahidi.

Nimekaa stoo kati ya ndoo mpaka saa za kutoka. Nimelia kidogo. Yalikuwa machozi ya hasira, ingawa mengine sijui yalitoka wapi. Miaka kumi na moja. Na kesho mama mkwe anakuja. Nimemwomba mke wangu amwambie naumwa jino. Akasema mama yake ameshapanga safari, na jino hilo limeshafanya kazi ya kutosha wiki hii.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa mwisho ulikuwa mwepesi: kumpokea mama mkwe getini na kumwambia ofisi inapakwa rangi. Nikafika getini mapema. Yeye alikuwa amefika mapema zaidi. Namkuta ukumbini, gauni lake la kwendea harusini, goti lake bovu limefungwa bendeji, anazikagua nondo. Akaniuliza hizi ni zangu. Nikasema kwa namna fulani, ndiyo.

Kabla sijataja rangi, akatokea Tayari. Karibu mama, lifti ni hii hapa. Sijui alijuaje. Nadhani mke wangu alipiga simu, maana mke wangu ana namba za watu wote wanaonionea.

Tukapanda watatu. Ghorofa ya nne Tayari akatoa ufunguo akafungua 412. Kwa ufunguo! Mama mkwe akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akakaa, akakizungusha mara moja. Akakizungusha tena. Kisha akasimamisha miguu, akaniangalia, akamwangalia Tayari, akauliza: kwa hiyo hapa ndipo anapokaa mwanangu?

Ameniita mwanangu. Miaka yote hajawahi.

Nikamwangalia Tayari. Nilikumbuka taa za ngazi na pampu na 207. Nilikumbuka jana nilivyomwita mwizi mbele ya watu. Neno moja lake lingenimaliza palepale juu ya zulia.

Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Bado, mama."

Basi. Hakusema hapana. Hakusema huyu ni mwongo. Akaongeza kwamba alipoanza kazi hapa, mimi ndiye niliyemwonyesha kila bomba na kila waya wa jengo hili, na kwamba hayo mengine yananitegemea mimi mwenyewe. Ni kweli nilimwonyesha. Nilikuwa nimesahau. Nikamshukuru moyoni, mpaka nikakumbuka kwamba kiti kile ni changu.

Tulipokuwa tunashuka mama mkwe akaniambia, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba marehemu mumewe alimwambia bado kwa miaka thelathini kuhusu paa la nyumba yao. Mpaka leo mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Ndiyo maana huwa anauliza mume wa binti yake ni nani siku hizi. Anaogopa. Kisha akanishika mkono kwa sababu ya goti.

Halafu Tayari akaharibu yote. Ametangaza kwamba nondo hazirudishwi, Jumatatu tunazikata pamoja mimi na yeye, tunatengeneza rafu stoo ili ndoo zitoke chini na mimi nipate pa kuweka miguu. Rafu! Stoo kwangu! Bila kuniuliza!

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari siku nzima, na mambo yamenikalia vizuri kabisa kichwani.

Amesema bado. Nani? Msimamizi wa jengo mwenyewe, ndani ya ofisi, mbele ya shahidi mtu mzima. Na bado si hapana. Bado ni ndiyo ambayo haijatajiwa siku. Kwa maana nyingine, cheo nimepewa. Kilichobaki ni "when", na "when" tunajua haitakiwi.

Kwa hiyo leo mchana nimempigia kaka yangu mkubwa nikamwambia nimekuwa makamu msimamizi wa jengo, na kuna ujenzi wa chuma naanza kuusimamia kesho. Amefurahi sana. Anakuja Jumamosi kuuona.

Mke wangu alinisikia. Amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani, nyuma yake bomba la jikoni kwetu linadondoka, tone, tone, kama lilivyokuwa linadondoka mwezi uliopita. Ameniuliza kama wiki hii nzima nimejifunza chochote.

Nimemjibu nimejifunza, tena mengi.

Akauliza lini. Huyu mwanamke hana sarufi kabisa.